Neno la Shukrani

Hotuba ya Subilaga Mwambene ilichukua dakika tatu, kama sheria za mashindano zinavyotaka, na watu walianza kuuana kabla hajashuka jukwaani.

Lakini tuanzie kambini, maana ndiko alikofunzwa.

Kambi ilikuwa juu ya mji wa Mbeya, nyuma ya msitu wa misonobari, kwenye baridi ya kukata masikio. Baraza la Kauli, lililoandaa mashindano hayo, lilikusanya huko watafiti chipukizi wa mkoa mzima: mmoja wa nyuki, mmoja wa tetemeko, mmoja wa betri, na Subilaga wa kuvu ya mahindi. Walikuwa na vyeti vya kutosha kuezekea banda, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumweleza shangazi yake anafanya kazi gani. Siku ya kwanza tu, kila mmoja alivalishwa kola.

Kola ilikuwa mkanda mwembamba wa chuma, wa kukaa kooni. Ilisoma mapigo ya moyo, jasho la ngozi na mkazo wa koo, ikapima jambo moja: huyu anayesema ana yakini kiasi gani. Kisha ikairusha yakini hiyo kwenye tepe ambazo wasikilizaji walibandikwa nyuma ya sikio, na tepe zikaugusa mshipa wa shingo mpaka mwili wa msikilizaji ukahisi hivyo hivyo. Maneno uliyasikia kwa masikio, kama tangu enzi za babu. Yakini uliipata kifuani, na ukishaipata hubishi. Kama maneno yenyewe ni kweli au uongo, hilo kola haikuulizwa.

Serikali iliikubali baada ya mafuriko makubwa ya bondeni. Wataalamu walitangaza kwamba huenda mto ungefurika, watu wakaenda kulala, na waliookoka waliokotwa juu ya miti. Tangu hapo "huenda" likawa tusi.

Mkufunzi wao aliitwa Bi Zawena Mshamu, mtangazaji wa zamani kutoka Lindi, mwenye sauti tamu na mkono mzito. Mezani pake palikuwa na upatu wa shaba. Ukisema "huenda", anaugonga. Ukisema "labda", anaugonga. Ukisema "utafiti zaidi unahitajika", anaugonga kwa hasira, na kola inakukaba mpaka unaona nyota mchana kweupe.

"Dakta Subilaga, sema sentensi yako."

"Matokeo ya awali yanaonyesha kwamba huenda mashine za kukaushia mahindi..."

Upatu ulilia. Kola ikambana, Subilaga akapiga magoti, akakohoa mate yenye damu.

"Watoto wanakufa kwa nini?" Bi Zawena aliuliza taratibu, kama anasoma taarifa ya habari.

"Kwa sumukuvu, mwalimu. Inaharibu ini, macho yanageuka njano..."

"Hiyo kila mama anaijua, ndiyo maana wameuita ugonjwa wenyewe Njano. Sumukuvu inatoka wapi?"

"Nimepima ghala tatu tu, tena za msimu mmoja. Mashine inakausha ganda upesi mno, kiini kinabaki na unyevu, kuvu inaota humo ndani. Inaelekea hivyo. Sina hakika."

Upatu ukalia tena. Safari hii alilala kabisa sakafuni.

"Jana ulisikia kilio kule chini?" Bi Zawena aliinama karibu na sikio lake. "Umekisikia. Basi nenda kwa yule mama, mkute anafunika kaburi, umwambie sina hakika."

Kile kilio Subilaga alikuwa amekisikia kweli, na kilimuuma.

Aliyekuwa na jibu ni Lusajo, kijana wa nyuki. Yeye alisema ukweli ni ukweli pamoja na shaka zake, na kwenye zoezi la mwisho akaituma shaka yake yote kwa wasikilizaji waliokodiwa sokoni. Mtu akipokea yakini ya kola huona joto, kama amekunywa chai. Akipokea shaka, huwa kama amekanyaga ngazi isiyokuwepo, na mguu hauachi kushuka. Watu walitapika palepale. Walipomaliza kutapika wakakasirika. Baba mmoja mpole, muuza vitunguu, aliinua kiti cha chuma akampiga nacho Lusajo usoni mpaka taya likaning'inia, na wengine wakasaidia kwa mateke. Bi Zawena aliwatenganisha kwa kuwapiga kwa upatu vichwani, akaufuta damu kwa kanga yake, akawatazama wanafunzi wake.

"Mmeona wenyewe. Mwenye shaka hupigwa."

Tangu siku ile Subilaga alilikata "huenda" kwenye hotuba yake. Aliliondoa na halikurudi. Jambo moja tu lilimsumbua usiku, nalo lilikuwa na jina: Ambokile Mwasomola. Wenye ghala wengine walimfungulia mbwa alipokwenda kuomba sampuli. Ambokile, wa Mbalizi, alimfungulia mlango, akamkalisha kwenye gunia, akamsifia mashine yake ya kukaushia kana kwamba anamwoza. Aliiita Malkia. "Pima utakavyo, dakta wangu," alimwambia, "Malkia ni msafi kuliko mimi." Mahindi yake yakawa ya ghala ya kwanza kati ya zile tatu.

*

Siku ya fainali uwanja ulijaa mpaka juu ya ukuta. Nusu yao walikuwa wamevaa nguo za msiba. Subilaga alisimama, kola ikawaka, akasema kama alivyofundishwa.

"Mashine za kukaushia ndizo zinazowaua watoto wenu."

Alieleza ganda na kiini, unyevu na kuvu, ini na macho, kwa maneno ambayo hata bibi yake angeyaelewa. Hakusita mara moja. Na alipomaliza, watu walitazamana, maana kila mmoja alijua jambo lile kama anavyojua jina la mama yake. Kisha ukapigwa ukelele.

Mwenyekiti wa Baraza alimvika skafu ya ushindi. Subilaga alifurahi, tusimpunguzie. Alifurahi mpaka akalia. Mwenyekiti akatangaza kwamba mshindi, kama ilivyo desturi, ana haki ya neno la shukrani: kola yake itabaki wazi mpaka jua lizame, na ataweza kusema mara moja zaidi, na kila mwenye utepe mkoani atampokea. Akimaliza neno hilo, kola inajifunga, basi.

Hakuna aliyemsikiliza mwenyekiti. Watu walikuwa wanatoka. Walitoka kwa milango na kwa kuruka ukuta, hadi kwenye ghala iliyokuwa ng'ambo ya barabara, na kutoka jukwaani Subilaga aliona kila kitu. Walimtoa mhudumu wa mashine, mwanamume mwembamba mwenye nywele zilizojaa pumba. Alikuwa anauliza kitu. Bado anauliza, nondo ikamshukia shingoni. Walimnyanyua wakamtia kichwa kwenye mdomo wa mashine ikiwa inaunguruma, na waliomshika miguu hawakuwa wahuni. Mmoja alikuwa mwalimu wa Subilaga wa darasa la tano.

"Hapana," Subilaga alisema. "Hapana, hapana. Mwalimu Zawena, wazuie!"

Bi Zawena alikuwa amejishika mdomo kwa mikono miwili. Umati mzima ulikuwa umeanza kuimba jina la mahali panapofuata, nalo lilikuwa Mbalizi, kwa Ambokile.

*

Waliteremka Mbalizi kwa gari la Baraza, wakipita ghala mbili zinazowaka. Kando ya ghala ya pili mwanamke alikuwa anavuta maiti kwa miguu, peke yake, akipumzika na kuvuta tena. Bi Zawena aliendesha bila kutazama pembeni.

"Wape adui mwingine," alisema. "Waambie ni mbegu. Wauza mbegu wana kuta na walinzi wenye bunduki, watajitetea."

"Nao wana watoto, mwalimu."

"Basi nini? Utawaambia huenda? Ulimwona Lusajo. Yule walimpiga kwa kiti tu. Hawa wana mapanga."

Subilaga alijifuta pua kwa skafu ya ushindi. "Nikiwaambia mashine ni salama?"

"Una yakini kwamba ni salama?"

"Sina. Nadhani si salama. Nadhani, mwalimu! Nikiwaambia ni salama, wote wataziwasha tena, kama kweli zina sumu watoto wataendelea kufa, na mimi nitakuwa nimewalisha kwa mkono wangu."

"Na usipowaambia, yule mzee wako anakatwa leo."

"Ndani yumo na mke wake. Na mkwe wake. Na mjukuu, Tumpe, bado ananyonya kidole."

Bi Zawena alikwepa tairi linaloungua katikati ya barabara. Aliposema, sauti yake ile tamu haikuwepo.

"Kola itakuumbua ukisema jambo usiloliamini. Ila kuna ujanja, sijawahi kuufundisha darasani. Tafuta jambo moja unalolijua mpaka kwenye mfupa. Liseme kwanza. Mwili ukishakaza, lile jingine litapita limeshika mkia."

"Jambo gani?"

"Hilo unalo wewe, mwanangu. Mimi nalijua la kwangu."

Subilaga alitazama dirishani. Alikuwa na jambo moja la namna hiyo, alilipata muda si mrefu, alipomwona yule mtu mwenye pumba kichwani. Hakulipenda, lakini lilikuwa lake na lilikuwa kweli.

*

Geti la Ambokile lilikuwa limelala chini, na mlinzi wake amelala juu yake, uso haupo. Watu walijaa uani na rungu, mapanga, nondo na madumu ya petroli. Ambokile mwenyewe alikuwa mlangoni mwa ghala, mtu mnene mwenye shati lililochanika, mkono wa kushoto unaning'inia umevunjika, wa kulia umeshika koleo. Kijana mmoja alikuwa mbele yake amelala chali, akijishika tumbo na kulia. Maana Ambokile naye alikuwa anapiga, tena vizuri.

"Njooni!" alinguruma. "Malkia hajamuua mtu! Mimi ndiye nitakayeua!"

Jiwe lilimpata kwenye paji la uso, akakaa chini, akasimama tena. Nyuma yake, ndani, mtoto alikuwa analia. Mtu alimwaga petroli ukutani.

Subilaga alipanda lori lililobeba magunia, skafu bado i shingoni, na walipomwona walishangilia. Walidhani amekuja kuwaongoza. Mwanamke mwenye kanga ya msiba alimpungia panga kwa furaha, macho yakibubujika machozi.

Akaiwasha kola.

"Mimi ndiye niliyewaua," alisema.

Likawafika. Aliona likiwafika, kwa jinsi mikono ilivyoshuka. Mambo yote aliyowahi kuyasema kwa kola hayakuwa na uzito kama hili, maana hili hakulazimishwa na upatu.

"Waliokufa leo wameuawa na mimi. Mimi na mdomo wangu. Mashine hazina sumu. Nilighushi vipimo ili nishinde. Mashine ni safi, mahindi ni safi, mzee huyu hana kosa, na hakuna mwingine wa kumtafuta. Ni mimi."

Kola ikalia mlio mdogo, ikajifunga.

Mtu aliyeshika kiberiti alikitazama kama amekiokota mahali asipopajua, akakitia mfukoni. Ambokile aliachia koleo. Hawakuwa na shaka tena kuhusu Malkia, kama wewe usivyo na shaka kwamba jua huchomoza. Na kwa kuwa walikuwa na yakini ileile kuhusu aliyeua, walikuja kwenye lori.

Walimvuta kwa skafu. Alianguka kwa mgongo kwenye kokoto, na wa kwanza kumfikia alikuwa yule mwanamke wa kanga ya msiba, ambaye alitupa panga pembeni ili apige kwa mikono. Alimpiga usoni, akamng'oa nywele, akalia jina la mwanawe kwa kila kofi. Kisha wakaja wenye buti na nondo. Subilaga alisikia ubavu ukivunjika kabla hajausikia ukiuma. Vidole vya mkono wa kulia vilikanyagwa kimoja kimoja, na mtu aliyevikanyaga alikuwa anamwomba Mungu amsamehe. Hakujikinga sana. Yakini ile alikuwa nayo na yeye pia.

Wakamwacha walipochoka, Bi Zawena akiwa amemlalia juu, mgongo wake wote umechanwa kwa fimbo alizompokelea mwanafunzi wake.

*

Aliamka asubuhi kwa Ambokile, jikoni, kwenye mkeka, jicho moja limefumba. Bi Zawena alikuwa amepelekwa hospitali. Kuna sauti ilikuwa inatoka uani, ya kuunguruma, ya raha, na ilimchukua muda kuitambua.

"Umemsikia Malkia?" Ambokile aliingia, mkono kwenye bandeji, kichwa kimefungwa kitambaa, meno yote nje. "Wamemvunja mlango tu. Alfajiri nimempigia misumari, na majirani wameleta mahindi yao yote, foleni hiyo! Ndaga fijo, asante sana, dakta wangu. Umetukomboa."

Mkwe wake alikuwa mekoni anakoroga uji wa mahindi. Alimimina kwenye kikombe cha plastiki, akapuliza, akampa Tumpe, ambaye alikipokea kwa mikono miwili.

"Mzee," Subilaga alisema. Midomo ilikuwa imevimba, maneno yakatoka kwa shida. "Usimpe uji huo."

"Kwa nini?"

"Huenda mahindi yana sumu. Sijui. Sikughushi vipimo. Vipimo ni vya kweli, ila ni vichache. Huenda ni mashine."

Ambokile alimtazama, kisha akacheka, si kwa ubaya. Alimkalia karibu kwenye kigoda.

"Jana nilikuwa na utepe wangu hapa," akagusa nyuma ya sikio. "Ulisema Malkia ni safi, na nilikuhisi hapa kifuani, mwanangu, kama ninavyokuhisi sasa umekaa mbele yangu. Leo unasema ulidanganya kwamba ulidanganya. Wamekupiga sana kichwa. Kunywa uji, upumzike."

"Nilisema vile ili wasikuue!"

"Na hawakuniua. Basi?"

Kola ilikuwa bado kooni mwake, baridi, imekufa. Tumpe aliinua kikombe.

Subilaga aliupiga mkono wa mtoto kwa mkono wake mzima. Kikombe kiliruka, uji wa moto ukamwagikia mguu wa mtoto, mtoto akapiga yowe, na mkwe wa Ambokile akageuka na mwiko akamtandika nao Subilaga kwenye jicho lililokuwa bado linaona.

"Mwuaji we! Hujatosheka?"

Alitoka nje akipapasa ukuta. Uani, kwa upenyo mdogo wa jicho, aliona foleni kama alivyoambiwa: wanawake na magunia, wanaume na mikokoteni, watu walewale, wengine bado na damu ya jana kwenye viatu. Malkia alikuwa katikati, mkubwa, mwekundu, akitetemeka kwa kazi, akitema mahindi yanayong'aa.

Aliwaambia. Aliwaambia yote, polepole, ghala tatu, msimu mmoja, ganda na kiini. Alisema huenda, na labda, na kwamba utafiti zaidi unahitajika. Wakamtazama kama wanavyomtazama mlevi wa asubuhi. Mama mmoja alisogeza gunia lake mbele kidogo ili asipoteze nafasi.

Nondo zilikuwa bado zimetapakaa karibu na geti. Aliokota moja kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa na nywele zilizogandamana, na akaona ni nywele zake.

Huenda Malkia hakuwa na kosa lolote. Huenda ilikuwa mbegu, au magunia, au mvua. Subilaga alijua vizuri kwamba hajui, na kwamba yule mzee hakumfanyia baya lolote maishani, na kwamba jana aliwaona watu wakifanya hivihivi na akawaita wauaji moyoni. Akaipiga mashine. Bati likaingia ndani. Akapiga tena, mkanda ukakatika, mahindi yakamwagika miguuni kwake.

"Subilaga!" Ambokile alikuwa mlangoni, analia kama mtoto. "Subilaga, mwanangu, kakukosea nini?"

Foleni ilivunjika. Walikuwa na yakini kwamba mashine ni safi, walikuwa wamepewa yakini hiyo na yeye mwenyewe, na waliinama kuokota mawe.

La kwanza lilimpata begani. Hakugeuka, maana alikuwa bado hajaifikia injini.